Jiwe jeusi la Tongoni na laki sita na ishirini zangu

Bibi alikuwa Muheza. Mjukuu wa dada yake alikuwa anaolewa, na bibi ndiye kungwi wa ukoo, kwa hiyo alikwenda mapema na asingerudi mpaka fungate iishe. Naanza na hilo kwa sababu angekuwepo nyumbani wiki ile nisingekuwa na cha kusimulia, na laki sita na ishirini zangu ningekuwa nazo.

Tunakaa Tongoni, barabara ya kwenda Pangani, si mbali na yale magofu ya msikiti na makaburi. Mjini Tanga nina kibanda cha kutengeneza simu, Ngamiani. Ilikuwa mwaka jana kipindi cha kusi, Jumamosi, baada ya sala ya Isha. Umeme umekatika, tuko barazani watu watano tunakunywa kahawa na kashata, mzee mmoja anatusimulia habari za ng'ombe wake kwa mara ya tatu. Mara pakawa mchana.

Haikuwa kama radi, maana radi hupiga ikatoweka. Huu mwanga ulikaa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, mweupe wenye ukijani, na kilichonitisha ni vivuli vya minazi. Vilikuwa vinatembea. Vilianzia mlangoni, vikapita juu ya mkeka, vikapanda miguuni mwetu, vikaenda zao kama vimeitwa. Giza liliporudi lilikuwa zito kuliko la mwanzo. Mzee wa ng'ombe akasema, "La ilaha illallah," kisha akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Kosa la kwanza nililifanya hapo hapo. Niliingia ndani mbio, nikafungua pazia la dirisha la vioo linalotazama baharini, nikabandika uso. Mama akaja nyuma yangu. Watoto wawili wa dada yangu wakapenyeza vichwa chini ya makwapa yangu. Tukasimama pale tunatazama anga lililo tupu, kama dakika moja, labda na nusu. Ndipo mshindo ukaja.

Mabati yaliruka. Kioo kilitetemeka kwenye fremu kikalia sauti nyembamba, na mimi pua yangu iko juu yake. Hakikuvunjika, lakini si kwa akili zangu. Baadaye nilisoma habari za Chelyabinsk, mji wa Urusi, ambako asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013 jiwe la upana wa kama mita 20 lilipasuka angani. Waliojeruhiwa ni watu kama 1,500, na wengi wao hawakuguswa na jiwe lolote. Walikatwa na vioo. Waliona mwanga, wakakimbilia madirishani kutazama, na mshindo ukawakuta pale pale walipobandika nyuso. Mwanga unafika papo kwa papo, lakini sauti inahitaji kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo dakika moja na nusu yetu ilikuwa safari ya kilomita thelathini hivi. Siku ukiona anga limewaka namna ile, achana na dirisha. Kaa chini mgongo ukiwa ukutani, watoto wakumbatie, anza kuhesabu. Ukifika mia tatu hujasikia kitu, toka ukatazame unachotaka kutazama.

Watu wa pwani ya Tanga masikio yetu yameharibiwa na uvuvi wa baruti. Maneno ya kwanza niliyoyasikia nje yalikuwa, "Nani huyo mwendawazimu anapiga baruti usiku?" Dakika tano baadaye simu zilikuwa zimeshika moto. Kwenye grupu la mtaa mmoja aliandika ndege imeanguka Mwambani. Mwingine akasema matenki ya mafuta Chongoleani yamelipuka na binamu yake ameona moshi. Binamu mwenyewe, tuligundua keshoye, alikuwa Arusha. Yupo aliyekumbusha lile pete la chuma la kilo kama 500 lililoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, mwisho wa Desemba 2024, akasema na letu ni mabaki ya roketi. Huyo angalau alikuwa na jambo la kweli mkononi, ila nalo halikutuhusu. Mama mdogo akatuma sauti ya dakika nne kwamba shetani amechapwa usiku huu na waliofuga majini wajiangalie.

Maalim wa madrasa alimjibu vizuri. Akasoma ile aya ya Suratul Mulk, kwamba Mwenyezi Mungu ameipamba mbingu ya karibu kwa taa na akazifanya za kuwapigia mashetani, kisha akaongeza kwa sauti yake ya upole: "Lakini aya haikutuambia tumjue ni shetani wa nyumba gani. Laleni."

Hatukulala. Na mimi nikaongeza langu. Niliandika, na naweza kukuonyesha mpaka leo maana sijalifuta: "Ni kimondo. Kimeanguka hapa hapa Tongoni, nimekiona kwa macho yangu." Nilichokiona kwa macho yangu ni vivuli. Kitu kinachowaka kilomita makumi juu angani kila mtu hukiona kimeangukia nyuma ya mnazi wake. Wa Pangani alikiona kimeangukia Pangani, wa Sahare alikiona kimeangukia Sahare. Lakini mimi ndiye niliyeweka jina la mahali na kiapo juu yake. Usiku ule ujumbe wangu ulirudi kwangu mara sita kutoka kwa watu nisiowajua, mmoja akiwa ameongeza kwamba nyumba mbili zimeungua.

Asubuhi mpwa wangu wa miaka tisa akaniamsha. Bati la jiko la nje lina tundu, kubwa la kupitisha ngumi mbili. Na hatua sita hivi kutoka pale, karibu na nilipohamisha pipa la maji Alhamisi ili niweke simtanki jipya, kuna jiwe jeusi limejilaza kwenye udongo uliofukuliwa, pembeni ya vijiwe viwili vya matumbawe.

Nataka uelewe kwa nini tuliamini. Ardhi yetu ni ya matumbawe na mchanga. Ukichimba kisima unatoa mawe meupe, mepesi, yenye konokono wa kale ndani. Jiwe hili lilikuwa jeusi, ukubwa wa nazi iliyofuliwa, na nilipoliinua mkono ulishuka, jinsi lilivyokuwa zito. Dukani kwenye mizani lilisoma kilo nne na robo. Upande mmoja laini kama limeyeyuka, upande mwingine makunyanzi. Mtoto akasema ni la moto. Kweli lilikuwa na joto. Hakuna aliyewaza kwamba ni jiwe jeusi na jua limeshatoka.

Mama alikuwa wa kwanza kuliharibu, Mungu amsamehe. Lilikuwa na udongo na kitu kama ukungu wa kijani kwenye mikunjo, akaona aibu wageni walione hivyo. Akalitia kwenye beseni, sabuni ya mche na waya wa kusugulia masufuria, akalisugua mpaka likang'aa. Mimi nikafuata: nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu, nikaibandika. Ikashika. Sijui kama unaijua ile hali ya kusikia moyo ukigonga mpaka kwenye meno. Nikamtazama mama, mama akanitazama, na hakuna aliyesema neno, lakini wote wawili tulikuwa tumeshajenga nyumba ya vigae.

Ukiokota jiwe la namna hiyo, kabla ya sabuni na kabla ya sumaku, lipige picha pale pale lilipo. Weka sarafu au kiberiti kando yake ili ukubwa ujulikane. Piga tundu la bati, piga ardhi, piga vilivyo jirani yake. Andika saa na upande mwanga ulikotokea. Kisha livike mfuko safi mkavu, uliweke mahali pakavu. Ningepiga picha moja tu ya eneo lile, yale matumbawe mawili yangekuwa ndani yake, na pengine ningejiuliza swali.

Saa tatu asubuhi watu walikuwa wamejaa. Ujumbe wangu uliwaleta. Bodaboda kutoka mjini zilikuwa zinashusha abiria mlangoni kwetu kama stendi. Mwenyekiti wa mtaa alifika na mgambo wawili akatangaza kwamba vitu vya ardhini ni vya serikali. Kijana mmoja akamuuliza vya mbinguni je, ni vya nani, watu wakacheka na heshima ya mkutano ikaishia hapo. Ua wa makuti wa upande wa kusini uliangushwa na walioupanda ili waone. Mihogo ya bibi ilikanyagwa matuta mawili. Kila mtu alitaka kuligusa, wengine wakalilamba. Niliona watu wazima wakigombania kupiga picha na jiwe, na nikajisikia mkubwa. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Nilijisikia mkubwa siku nzima.

Katikati ya watu hao alikuja mama mmoja kutoka Kirare, hakupiga kelele, alisubiri mpaka nilipokuwa peke yangu jikoni. Akanisalimu vizuri, akaniambia ana mtoto wa kiume wa miaka saba ana kifafa. Akaomba unga wa jiwe, kidogo tu, wa kushika kwenye ncha za vidole. Nikamwambia sijui kama ni dawa. Akasema, "Na wewe hujui kama si dawa, mwanangu." Akanitia elfu tano mkononi. Nikachukua tupa yangu ya kazini, nikakwangua pembeni, nikamfungia kwenye karatasi ya daftari.

Tarehe 14 Agosti 1992 mawe mengi ya kweli yalianguka kwenye mji wa Mbale, Uganda. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu chache tu kilichokuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba, akapona bila jeraha. Na huko huko wapo waliosaga yale mawe wakayatumia kama dawa, kwa sababu UKIMWI ulikuwa unamaliza watu na hospitali hazikuwa na cha kuwapa. Nimesoma habari hiyo mara nyingi. Sikuwa nimeisoma Jumapili ile.

Jumatatu mambo yakageuka. Mama hupika vitumbua vya asubuhi, anauza barabarani toka mimi niko shule ya msingi. Alirudi na ndoo imejaa. Kuna mtu alikuwa ametangaza jiwe lina mionzi, na aliyekula chakula cha nyumba ile nywele zitamtoka. Wale wale waliolilamba jana! Vimondo havina mionzi ya kumdhuru mtu kuliko jiwe lolote la kawaida, lakini nenda ukamweleze hivyo mtu ambaye ameshamuona jirani yake akikataa kitumbua. Siku tano mama hakuuza. Tulikula vitumbua mpaka watoto wakalia.

Siku hiyo hiyo mjomba akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Miaka minne hatujasikia sauti yake, hata msiba wa babu alituma salamu tu. Akaniuliza hali ya mama yake, nikamwambia yuko Muheza, akasema sawa, sasa hilo jiwe lisitoke hapo, kiwanja ni cha urithi. Mama akanyang'anya simu. Yaliyosemwa siyaandiki. Marekani, mwaka 1954, kimondo cha karibu kilo nne kilitoboa paa mji wa Sylacauga, Alabama, kikampiga mama mmoja, Ann Hodges, akiwa amejilaza kwenye kochi. Yeye na mwenye nyumba wakavutana kuhusu nani mwenye mali, mpaka walipopatana wanunuzi walikuwa wameshapoa, na jiwe likaishia kupewa jumba la makumbusho. Sisi tulivutana kwa siku nne tu, na mpaka leo mama na kaka yake wanasalimiana kupitia kwangu.

Halafu akaja "Dokta". Alinipata kupitia namba niliyoiacha mwenyewe kwenye grupu. Sauti nzito, Kiswahili cha ofisini, akajitambulisha kuwa ni mtaalamu wa maabara fulani Dar. Akataka picha. Nikatuma. Akasubiri saa nzima, huo ndio ufundi wao, kisha akapiga akihema: "Kijana, uko peke yako hapo? Usimwambie mtu. Hii ni dola mia tatu kwa gramu." Nilikuwa kibandani. Nikachukua kikokotoo: gramu 4,250 mara 300. Ikaja milioni moja laki mbili na sabini na tano elfu, dola. Nilizima kikokotoo, nikakiwasha, nikapiga tena. Jioni nilipita Raskazone, mtaa wa wenye nazo, kwa pikipiki ya rafiki yangu, nikawa natazama mageti.

Kulikuwa na masharti. Kwanza sampuli. Nikachukua nyundo na patasi nikamega kona, kipande cha ukubwa wa yai la kware. Jumanne nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar. Tulikutana kwenye mgahawa, si ofisini, na akili yangu ililiona hilo lakini nikaiambia inyamaze. Akakipima kwa mizani ndogo ya dhahabu, akakitazama kwa kioo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona maiti ya ndugu. Hela ya kipimo: 250,000. Nikatoa, mtaji wa vioo vya simu huo. Nauli, gesti na chakula vikala 90,000. Nikarudi Jumatano mchana, akapiga: kipimo kimetoka, safi mno, sasa kinahitajika cheti cha kusafirishia nje, 180,000, mnunuzi yuko hotelini anaondoka usiku. Nikatuma kwa simu nikiwa nimesimama stendi, begi halijatua chini. Alisema atanipigia saa kumi na mbili.

Sina la ajabu la kukushauri hapo. Anayetaka kununua kitu chako hakuombi hela. Nalijua hilo toka nikiwa mtoto, ninalitumia kila siku kibandani kwa wateja, na siku ile sikulitumia.

Alhamisi nilikwenda kwa mwalimu wa jiografia aliyenifundisha sekondari. Sikwenda kutafuta ukweli, nilikwenda ili aniambie Dokta hanidanganyi. Mwalimu alistaafu, anakaa Makorora, anafuga bata. Akaliweka jiwe mezani juu ya gazeti, akavaa miwani, akaligeuza kwenye pale nilipomega.

"Hapa mlipomega umepatazama?"

Nikamwambia nimepatazama.

"Unaona nini?"

Nikatazama tena. Vitundu. Vidogo, vya mviringo, vingi, kama mkate wa kumimina ukiukata.

"Hivyo ni vipovu vya hewa," akasema. "Kitu kiliyeyuka kikachemka kikapoa. Vimondo havina vipovu hivi, au ni nadra sana." Akatwaa kigae, akakigeuza upande wa nyuma usiong'aa, akakwaruza jiwe juu yake. Likaacha mstari wa kijivu uliokolea. Akaniambia kimondo mara nyingi hakiachi mstari, au huacha hafifu. Akanionyesha na gome: kimondo kilichoanguka jana kinakuwa na gome jeusi jembamba kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na ukimega ndani unakuta rangi nyingine, mara nyingi kijivu chenye vichembe vya chuma vinavyometa. Langu lilikuwa jeusi mpaka ndani. Kuhusu joto alicheka. Jiwe likishapunguza kasi huko juu linaanguka kilomita nyingi kwenye hewa ya baridi. Likifika chini si kaa la moto.

Nikamkumbusha sumaku ilishika. Akasema sumaku inashika na misumari. Tena akanigombeza: lingekuwa kimondo kweli, sumaku kali ile ya spika ingefuta alama za kale ambazo wataalamu huzisoma ndani ya jiwe, na sabuni ya mama ingemaliza kazi. Akanieleza habari ya Ivuna, kule kusini magharibi, kilikoanguka kimondo tarehe 16 Desemba 1938, gramu 705 tu. Nchi nzima tunakijua cha Mbozi kwa sababu ni chuma cha tani nyingi na watalii wanapiga picha. Cha Ivuna ni kama donge la udongo mweusi, aina yake ukikitia majini kinamumunyuka, na ndicho ambacho wanasayansi walikikumbuka Wajapani walipoleta vumbi la sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, maana vinafanana. "Mama yako angekisugua kile," akasema, "angebaki na maji machafu."

Akaniambia siku nyingine jiwe likipita majaribio hayo yote, nilipeleke kwa mikono yangu ofisi ya madini ya mkoa, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, nikaandikishe na nipewe karatasi. Nikampigia Dokta nikiwa bado kwa mwalimu. Namba haipatikani. Mwalimu alinitazama, akaenda kuwapa bata maji ili nipate nafasi.

Jiwe ni nini, basi? Mwalimu alisema mavi ya chuma, uchafu unaotoka chuma kikiyeyushwa. Ila limefikaje Tongoni, na tundu la bati limetoka wapi, hilo hakuwa nalo.

Bibi alirudi Jumamosi, mikono imejaa hina, na kikapu cha machungwa. Nikamwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu, nani kaangusha ua wangu?" Akapita mpaka nyuma. Akatazama mihogo. Akatazama lilipokuwa pipa. Mama akaanza kumweleza, mwanga, mshindo, jiwe, watu, na bibi anasikiliza huku macho yake yako chini, anatafuta kitu.

"Liko wapi hilo jiwe?"

Nikalitoa kabatini, limefungwa kanga mpya ya mama. Bibi akalifunua. Akanitazama muda mrefu.

"Hili si figa la pipa langu?"

Babu alikuwa karakana ya reli Tanga mjini, enzi za treni za moshi, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Alilileta nyumbani kutoka kwenye lundo la taka kwa sababu matumbawe yalikuwa yanamomonyoka chini ya uzito wa maji. Miaka yote pipa lilikaa juu ya matumbawe mawili na hilo, limezama nusu, limeota ukungu. Alhamisi ile nililihamisha pipa magharibi, giza linaingia, jiwe likang'oka na udongo wake, na mimi nikaenda kuoga.

"Mafiga ni matatu," bibi akasema. "Mliona mawili, la tatu mkadhani limetoka mbinguni?"

Na tundu la bati? "La nazi hilo. Toka mfungo sita. Nimekwambia mara ngapi upande ukaliziba?" Ni kweli aliniambia. Mvua ilikuwa ikinyesha nasema kesho.

Alipomaliza kucheka, na alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama kuna mtu tumempa kitu. Nikamwambia habari ya yule mama. Kicheko kikakatika. "Kamfuate. Leo hii."

Kirare nilimpata kabla ya magharibi. Unga alikuwa ameutia kwenye uji siku mbili za mwanzo, na vidonge vya hospitali alivisimamisha ili visigongane na dawa. Mtoto alikuwa ameanguka Jumanne usiku, akajing'ata ulimi. Sasa yuko sawa, alikuwa uani anachezea tairi, mdomo umevimba kidogo. Nikamweleza yote, la figa, la reli, la bibi. Nilitegemea atanitukana. Alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema vidonge amevirudia toka Jumatano, aliota vibaya. Nikamtolea elfu tano yake. Hakuipokea. Nikaiweka juu ya kinu, akaiacha pale pale, na mpaka naondoka ilikuwa pale.

Kwa anayependa hesabu: Dokta 430,000, safari 90,000, vitumbua vya mama kwa siku tano kama 60,000, makuti na fundi wa ua 40,000. Polisi niliandikisha, wakanipa namba ya taarifa. Kile kilichowaka usiku ule kilikuwa kimondo, mwalimu hana shaka, na kama kilibakisha mawe basi yako baharini pamoja na samaki.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa amemtuma jirani wakalirudisha pipa mahali pake, simtanki halitaki, anasema maji yake yananuka plastiki. Pipa lilikuwa limeinama upande mmoja. Alikuwa amechuchumaa anachungulia chini kwa tochi ya simu.

"Njoo hapa. Hii kona iliyomegeka, kipande chake kiko wapi?"

"Kiko Dar es Salaam, bibi."

Akazima tochi. "Kimekwenda kufanya nini?"